Fomula za Mkono wa Kushoto

Mimi ile kyubu sikuipenda tangu siku ilipoingia nyumbani, na asije mtu akaniambia nasema hivi kwa sababu ya yaliyofuata. Si unazijua zile plastiki zenye rangi sita, unazivuruga halafu unakaa saa nzima unahangaika kuzirudisha zilivyokuwa? Basi ndiyo hiyo. Kama uliitaka ilivyokuwa, uliivurugia nini? Nilimuuliza mdogo wangu Wasim swali hilo hilo, akacheka mpaka akakohoa. "Dada Umu," akasema, "wewe ungekuwa askari." Mimi si askari. Mimi naitwa Umulkheir, ni mwalimu wa madrasa hapa Old Kampala, na watoto ninaowafundisha wananiogopa. Waniogope tu, ndivyo wanavyosoma.

Wasim ni fundi wa kanzu. Duka aliliacha marehemu baba, liko kwenye barabara inayoteremka kutoka msikiti mkubwa, na Wasim ndiye anayedarizi vifua kwa mkono. Mashine zipo, kila duka linazo, lakini wazee wa Mengo wakitaka kanzu ya harusi ya mtoto wao wanataka mshono wa Wasim, hawataki wa mtu mwingine. Basi mwaka jana sindano zikaanza kumtoka vidoleni. Anaokota, inaanguka, anaokota tena. Kidole gumba cha kulia kimelegea. Mama akamkanda mafuta ya habasoda, akamfunga kitambaa, akamsomea. Siku mteja aliporudisha kanzu akisema mshono umekwenda upande, Wasim aliikunja ile kanzu taratibu, akasema kesho atakwenda hospitali.

Alikwenda peke yake, Nsambya. Nilitaka nimsindikize, akakataa, ati mwanamume mzima haongozwi na dada yake kwa daktari. Haya. Alirudi alasiri na ile kyubu mfukoni. Akasema ni mishipa ya fahamu, wamempa mazoezi, na mama wa mazoezi, Laker, ndiye aliyempa kyubu awe anaizungusha kila siku ili vidole visilale.

Mama yetu, Bi Rukiah, ni mtu wa kutaka kushika jambo mkononi. Akauliza, "Sasa sisi tutajuaje kama unapona?"

Wasim akaigeuzageuza kyubu. Kisha akasema, "Nitajipima kwa saa ya simu, Mama. Naivuruga, naipanga, naangalia imechukua muda gani. Muda ukipungua, ujue mkono unapata nafuu."

Tukaona hiyo ni akili. Wallahi, nami niliona ni akili. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inaishi kwa ile saa. Mama akimaliza kuswali magharibi, hata uradi hajaumaliza, utamsikia, "Wasim, leo vipi?"

Ndani ya boksi la kyubu kulikuwa na karatasi yenye michoro, na Wasim alijifunza kwa karatasi hiyo. Ni njia ya wanaoanza, inakwenda kama kujenga nyumba. Unapanga ghorofa ya chini, ukimaliza unapanga ya kati, kisha unapanda ya juu, na huko juu unarudia mizunguko ile ile, ile ile, mpaka kona zote zikae sawa. Inafika, lakini inafika kwa miguu. Mwanzoni alikuwa anatumia muda wa kuchemsha chai. Baadaye akafika dakika mbili. Hapo dakika mbili akakwama. Wiki zikapita, mwezi ukapita, dakika mbili. Mama akawa anauliza kwa sauti ya chini, na Wasim anajibu huku akitazama kando.

Ndipo akatokea Ochan. Ochan ni mtoto wa bareki ya polisi, baba yake askari, mama yake ana ugonjwa wa sukari, na alikuwa anamsubiri mama yake kwenye benchi la hospitali alipomwona Wasim anahangaika na kyubu. Kijana mrefu, mpole, kazi yake kutengeneza simu. Kumbe ni bingwa wa mambo hayo, ana wenzake wanakutana Jumamosi kushindana. Siku ya kwanza alipokuja dukani nilikuwepo. Alimtazama Wasim akipanga, akashindwa kuvumilia.

"Ustadha," akaniambia mimi, "huyu ndugu yako iko na akili, lakini anacheza kama mutoto. Hii njia ya gorofa-gorofa ni ya kuanza tu. Mutu ikikaa kwa hii njia, itazeeka kwa dakika mbili."

"Na ninyi wakubwa mnafanyaje?" nikamuuliza.

Akaichukua kyubu, akatuonyesha. Njia yao, kona hailetwi peke yake. Unaitafuta kona pamoja na kipande kinachokaa ubavuni mwake, unavikutanisha huko juu, unaviingiza pamoja mara moja, na ghorofa mbili zinakamilika kwa pigo moja. Ukifika juu kabisa hurudii-rudii. Unatazama paa, unaona picha, msalaba au samaki au mstari, na kila picha ina fomula yake. Ukiijua fomula umemaliza. Vidole vya Ochan vilikwenda, sikuona kitu, nikaona tu kyubu imekaa mezani rangi zote mahali pake. Mama, aliyekuwa ameleta chai, alisema "Subhanallah" na chai akaimwagia sahanini.

Shida ikawa fomula. Ni nyingi, na zimeandikwa kwa herufi za Kizungu na vialama juu yake. Wasim akizitazama anachanganyikiwa, kesho yake amesahau zote. Nikachoka kumsikia akiguna. Nikamwambia, kwetu watoto wa miaka saba wanahifadhi kurasa kwa kurasa za lugha wasiyoijua, wewe na ndevu zako unashindwa na mistari minane? Lete hapa. Nikamfanya anieleze kila herufi inageuza upande gani, nikazipa majina yetu. Ubavu wa kulia ni kulia, unapanda au unashuka. Uso wa juu ni paa, unalivuta kwa kidole au unalirusha. Basi ile fomula yao ya kwanza kabisa, inayoingia kila mahali, ikawa hivi:

"Kulia panda, paa vuta, kulia shuka, paa rusha."

Tukaiimba kama wanavyoimba watoto, nikigonga meza kwa fimbo yangu. Akikosea namrudisha mwanzo. Ochan alicheka sana siku aliyotukuta.

"Ustadha, fomula inakaa kwa kidole, si kwa mudomo! Ukiweka kwa mudomo, kidole itangoja mudomo."

"Kwetu kila kitu kinapitia mdomoni kwanza," nikamwambia. "Wewe leta fomula, mengine niachie."

Na kweli, vidole vya Wasim vilikuwa vinangoja mdomo. Hakuweza kuanzia katikati. Akikatizwa, labda mteja kaingia, inabidi aanze fomula upya kutoka neno la kwanza, na midomo inamchezacheza kama mtu wa tasbihi. Ochan anasema hakuwahi kuona mtu duniani anacheza kyubu hivyo. Mimi sikujali, mradi zimeingia kichwani.

Lakini jamani, njia mpya ina ukatili wake. Ya zamani umeiacha, mpya hujaizoea, huna hata moja. Wiki zile za mwanzo muda haukupungua, uliongezeka. Ukavuka dakika mbili, ukaelekea tatu. Mama akaacha kuuliza kabisa. Akawa anakwenda kulala mapema. Siku moja Wasim aliitupa kyubu ukutani, vipande vikaingia chini ya kabati, akasema hataki tena, arudishiwe njia yake ya miguu. Nilimkaripia! Nilimwambia akiacha, mimi na yeye basi. Nikapiga magoti mwenyewe na maumivu yangu haya ya magoti, nikavitoa vile vipande kimoja kimoja, Ochan akaja kuviunga.

Nilikuwa namtaka apone. Ndiyo yote niliyokuwa nayataka, nisidanganye. Nilitaka nimwone tena amekaa pale dirishani na kanzu mapajani, ananung'unika kwamba uzi wa siku hizi haufai.

Basi ukaanza kushuka. Dakika mbili tena, halafu moja na nusu. Ramadhani ilimkuta akiwa kwenye dakika moja na kidogo, na baada ya Idi, siku moja jioni, akaiweka kyubu mezani, akaigeuza simu Mama aione, ikawa haijafika dakika. Mama alipiga kigelegele peke yake pale sebuleni, mwanamke mzima wa miaka sabini. Alikishika kile kiganja cha kulia cha Wasim, akakibusu mbele na nyuma. "Umenirudishia," alikuwa anasema, "Ya Rabi, umenirudishia." Mimi nililia. Wasim alikuwa anatabasamu, amemtazama Mama utosini.

Kesho yake Mama alitangaza shukrani. Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya swala, tusome maulidi nyumbani, pilau, watoto wa madrasa waje waimbe. Akapiga simu mpaka kwa jamaa wa Jinja. "Mkono wa Wasim umerudi," alikuwa anawaambia. "Ndiyo! Njooni muone kwa macho yenu."

Sasa mimi ni mwalimu. Na mwalimu, hata akifurahi, kichwa hakiachi kazi. Kulikuwa na vitu ninaviona, navipita. Kwanza, dukani bado hadarizi. Ukimuuliza anasema anaupumzisha mkono, ataanza baada ya shukrani. Pili, fomula alizokuwa ananiomba tuzifanyie wimbo zilikuwa zote za kushoto. Kila fomula ya kulia ina pacha wake wa kushoto, Ochan alitueleza hivyo, na Wasim alikuwa anawataka mapacha tu. "Kushoto panda, paa rusha, kushoto shuka, paa vuta." Nilidhani anapanua ujuzi. Tatu, na hili ndilo lililoniuma, alikuwa ameacha kula nasi. Sisi nyumbani tunakula sinia moja. Yeye akawa anabeba sahani yake chumbani, ati ana kazi ya simu. Siku moja nilisukuma mlango kumpelekea maji, nikamkuta anakula kwa mkono wa kushoto. Mtoto wa Bi Rukiah, kwa kushoto! Alishtuka, akauficha ule mkono chini ya meza na wali umo kiganjani. Nikaweka maji, nikatoka.

Alasiri ya Jumatatu kabla ya hiyo shukrani nilishuka dukani. Wasim alikuwepo, na Ochan alikuwa ameleta fomula mbili mpya. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yao.

"Leo hakuna mpya," nikasema. "Kwangu mtoto hapati somo jipya kabla hajanisomea la zamani. Nipangie hiyo kyubu kwa njia ya kwanza. Ile ya kwenye karatasi."

"Nimeisahau," akasema Wasim.

"Njia uliyoifanya nusu mwaka?"

"Dada Umu, niache."

"Sikuachi. Nipangie."

"Ya nini sasa? Nimeshaivuka ile."

"Wasim, usinitie wazimu. Kama mkono umepona, ile ya zamani leo utaifanya kwa dakika moja. Nataka kuiona, basi."

Akamtazama Ochan. Ochan akainamisha kichwa, akaanza kucheza na funguo zake. Nikajua wote wawili wana jambo wanalolijua.

Akaanza. Ghorofa ya chini aliipanga, taratibu, mkono wa kulia umeikamata kyubu tu, wa kushoto ndio unaozungusha. Ghorofa ya kati ikaanza kumshinda, kwa sababu njia ile ya zamani inataka kulia, kila saa kulia. Alikuwa anausukuma upande kwa kiganja badala ya vidole. Jasho likamtoka. Mimi saa niliiwasha kwenye simu yangu, na dakika mbili zikapita, na tatu, hajafika juu. Alipofika juu, kwenye ile mizunguko ya kurudia-rudia, kulia shuka, kulia panda, kulia shuka, kulia panda, mkono ukakataa. Haukutetemeka wala nini. Ulikataa tu, vidole vikabaki vimeshikilia ukingo bila kuvuta. Kyubu ikamponyoka, ikaanguka kwenye mabaki ya vitambaa. Hakuiokota.

"Ochan," nikasema, "nieleze."

"Ustadha…"

"Nieleze!"

Akajikuna shingo. "Njia ya kwanza iko na mizunguko mingi, Ustadha. Mingi sana. Hii mupya inakata nusu. Ukiongeza fomula, inakata tena. Sasa mukono inaweza kuwa inaenda pole, kila wiki inaenda pole zaidi, lakini kwa sababu kazi imepunguka, saa inashuka tu. Si mukono iliyoenda mbio. Ni kazi imekuwa kidogo."

Ni jambo dogo, mtoto angelielewa. Fundi akishona kanzu yenye nusu ya mishono atamaliza mapema, hata awe mgonjwa kitandani. Miezi yote ile tulikuwa tunashangilia mkono unaokufa.

"Ulijua?" nikamuuliza Wasim.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza hospitalini." Alisema bila kunitazama, ameushika ule mkono wake kwa mkono mwingine. "Daktari aliniambia wazi, dada. Ugonjwa huu hauna dawa. Ukianzia mkononi haukai mkononi, unapanda mwilini. Unaweza kwenda haraka, unaweza kukawia, lakini haurudi nyuma. Ile kyubu Laker alinipa nisikae bure, hakuniahidi kitu."

"Na ile saa? Ile habari ya muda ukipungua?"

"Mama aliuliza atajuaje. Ungemjibu nini wewe?"

Hasira zilinipanda, nikaipiga ile meza ya kukatia mpaka mkasi ukaruka. Nilimwita mwongo. Nilimwita mambo mengine ambayo siwezi kuyarudia. Ochan nilimfukuza, akatoka mpaka mlangoni, akasimama pale pale barazani, hakuondoka. Wasim aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Unajua kibaya ni kipi?" akasema. "Kila ikishuka nilikuwa najua kwa nini inashuka. Na bado nilikuwa nafurahi. Naiona ile namba, najiambia labda. Fomula mpya nimeiingiza mwenyewe jana, lakini najiambia labda na mkono nao umesaidia kidogo. Nimejidanganya kuliko nilivyomdanganya Mama."

Hapo nikakaa chini. Nikalia, na yeye akalia, duka wazi, watu wanapita. Mteja mmoja alichungulia, Ochan akamwambia wamefunga.

Nilipoweza kusema nikasema twende tukamwambie Mama, leo hii, shukrani ivunjwe. Wasim akatikisa kichwa. Mchele umeshanunuliwa, watu wa Jinja wameshaambiwa. "Mwache apate hiyo Ijumaa," akasema. "Jumamosi tutamwambia. Mimi mwenyewe nitamwambia. Na bado kuna fomula, Dada Umu. Ochan anazo nyingine. Mkono ukipungua nguvu, nami nitapunguza mizunguko. Naweza kuishika hiyo saa hapo ilipo miezi kadhaa."

Nikatoka barazani, nikamuuliza Ochan kwa sauti ya chini zinafika wapi hizo fomula.

"Inafika mahali, Ustadha," akasema, "hakuna tena ya kupunguza."

Nikakubali ile Ijumaa. Ukali wangu wote, na nikakubali.

Watu walijaa. Jamaa wa Jinja walikuja, majirani, wazee wawili wa Mengo waliokuwa wateja wa baba, wanawake wamekaa mpaka ngazini. Mama alikuwa amevaa leso mpya, anazunguka na marashi, hatulii. Maulidi yalisomwa, dua ikasomwa ndefu, na kila mara shehe aliyeisoma aliposema tunamshukuru Mola kwa afya ya kijana wetu, watu wakaitikia amin, nilihisi naitikia uongo. Niliitikia hata hivyo. Ochan alikuwepo, amevaa kofia aliyoazimwa, amekaa karibu na viatu.

Kisha Mama akamwita Wasim katikati. "Waonyeshe, baba. Waonyeshe."

Mzee mmoja wa Mengo aliivuruga kyubu kwa muda mrefu, akiigeuza huku na huku kwa ubishi, akampa. Wasim akaishika. Mkono wa kulia umekamata, wa kushoto unakwenda. Kwa mtu asiyejua ni mikono miwili inayofanya kazi. Midomo yake ilikuwa inacheza, anaimba kimoyomoyo zile za kushoto tulizomtungia. Nilimtazama Mama badala ya kumtazama yeye. Alipoiweka chini imekamilika, Mama aliinyanyua simu juu watu waone, haijafika dakika, na vigelegele vilivyopigwa nyumba ile sijavisikia tangu harusi yangu. Mzee wa Mengo alisema ataleta kitambaa cha kanzu Jumatatu. Mama akamwambia alete na cha mwanawe.

Watoto wangu wa madrasa ndio hawakutosheka. Wakamzunguka, wanamvuta kanzu, wanataka awafundishe ule wimbo. Mama akasema wafundishe. Basi Wasim akakaa chini kwenye mkeka nao, kyubu mapajani, akawaimbia, nao wafuate.

"Kushoto panda, paa lusha," akasema.

"Kushoto panda, paa lusha!" wakapokea.

Watoto hawa wengi ni wa nyumba za Kiganda. Kwao ra na la ni jirani zisizo na ukuta, na miaka yote kazi yangu imekuwa kuwajengea huo ukuta. Hata sikufikiri. Nikapaza sauti kutoka jikoni nilipokuwa na mwiko mkononi: "Rusha! Nani huyo anayesema lusha mbele yangu?"

Wakashtuka, wakajinyoosha. "Rusha!" wakasema wote kwa pamoja, safi, herufi imetoka mahali pake. Nikaona fahari.

"Haya," akasema Wasim akicheka, "tena. Kushoto panda, paa lusha."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mtoto mmoja wa kike akamnyooshea kidole, "Ustadha, ni yeye! Ni yeye anayekosea!"

"Wasim, aibu!" akasema Mama, naye amecheka mpaka machozi. "Mtoto wangu mimi, aliyezaliwa na kulelewa nyumba hii, anasema lusha? Umekaa na wateja mpaka wamekuharibu ulimi! Hata watoto wamekushinda! Sema vizuri, baba, watu wa Jinja wanakusikia."

Nyumba nzima ikacheka. Ochan akacheka, shehe akacheka. Nami nilikuwa nimeshauweka mwiko chini, nimekuja mpaka mlangoni. Maisha yangu nimeyamaliza nikitazama midomo ya watu. Nilimtazama mdomo. Alijaribu tena, sasa kwa makini, akiwa amelifungua neno polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, na nikauona ulimi wake ukinyanyuka kwenda kwenye ufizi, ukagusa, ukalala. Haukutetema, umelegea kama kile kidole gumba. Akajaribu mara nyingine, sauti ikatoka ile ile.

Akaacha kujaribu. Hakumtazama Mama, alinitazama mimi, kama mwanafunzi anavyonitazama akitaka nimwambie ni wapi alipokosea. Nikaona kwenye macho yake kwamba hili hakuwa analijua, amelijua sasa hivi, pale mkekani.

Mama alikuwa bado anacheka. Alikuja akamkumbatia kichwa kwa nyuma, akambusu utosini, akawaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyekuwa hawezi kushika sindano.

Watoto walikuwa wananingoja niseme kitu. Nikawaambia wakanawe mikono, chakula kiko tayari.